Mifano Mitatu na Uji wa Mama Njeri

Mjukuu wangu Chebet alinijia Jumapili moja na simu mkononi na uso wa mtu ambaye hajalala. Kuna jarida linatafuta mwandishi, na limeomba mifano mitatu ya maandishi yake. Mitatu tu, na humo ndani ya simu alikuwa na mia moja na ushei. "Babu, nipeleke gani?" Nikamwambia aweke simu mezani, aende jikoni akoroge uji. Alinitazama kwa huruma, kisha nikamsikia akimnong'oneza mama yake kwamba siku hizi Babu anapotea potea.

Sijapotea. Nimeandika magazetini miaka arobaini, na kazi yenyewe niliipata kwa uji. Ninyi mnaohangaika kama Chebet kaeni hapo niwaeleze, na anayetaka sukari aongeze sasa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa pareto kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Kuresoi, kule ambako maji ya kunawa huyavunji barafu kila asubuhi, lakini unayaogopa kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kupima maua waliyochuma akina mama, kuandika uzito daftarini, na kugombezwa na pande zote mbili. Mkubwa wangu alikuwa nyapara, Arap Koros, mtu mfupi mwenye koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani Burma. Alilivaa jua na mvua. Hakujua kusoma, lakini ukikosea hesabu alijua kwa kukutazama masikio.

Mara moja kwa mwezi shamba lilipata nakala moja ya gazeti la Kiswahili lililochapwa Nakuru, *Jembe na Jiko*. Nakala moja kwa kambi nzima. Jumapili baada ya ibada mimi nilisimama juu ya kreti, nikawasomea watu wote, kuanzia ugonjwa wa viazi hadi namna ya kumwogesha mtoto. Siku moja, nikiwa katikati ya kusoma, nikafika mahali palipoandikwa kwamba gazeti linamtaka mwandishi, aje mwenyewe na mifano mitatu ya kazi yake. Hapo nikaruka mistari ile. Niliwasomea habari ya kupe, na tangazo nikalikunja moyoni.

Sasa, nitatokaje? Siku hizo za Hali ya Hatari mtu hakuzurura Nakuru bila karatasi, na karatasi ilitoka kwa bwana kupitia kwa nyapara. Nikajifunga kitambaa shavuni, nikaenda kwa Arap Koros nikilia jino.

"Jino gani?" akauliza.

"La nyuma, mzee."

"Fungua."

Nikafungua. Alichungulia kwa muda mrefu, akanusa, akasema, "Haya. Utapewa siku mbili. Lakini usirudi nalo."

Mwelewe nilichokuwa nakicheza. Nikikosa kazi ya gazeti, narudi kwenye mizani. Na ikijulikana kwamba nilidanganya juu ya jino, hata mizani sina, na baba yangu alikuwa amekwisha kutangaza kwa ukoo mzima kwamba mwanawe ni karani. Kwa hiyo ile mifano mitatu ilikuwa maisha yangu yote, nami niliichagua vibaya kama mtu anavyochagua akiwa na hofu.

Wa kwanza ulikuwa insha yangu ya shule iitwayo "Alfajiri", iliyonipatia zawadi ya kalamu. Ulianza hivi: "Alfajiri ilipopambazuka kwa madaha na mbwembwe zisizo kifani..." Naomba tusiendelee. Wa pili uliitwa "Faida za Usafi", ambao niliutoa karibu wote kwenye kitabu cha shule, nikabadilisha mahali palipoandikwa "wanafunzi" nikaweka "wakulima". Wa tatu niliuandika mwenyewe, juu ya jambo lililotokea shambani kwetu, siku dume la nguruwe la bwana lilipovunja zizi likaingia kambini. Huo wa tatu niliuweka chini kabisa kwa sababu niliuonea aibu. Ulikuwa na nguruwe, na ulikuwa na maneno tunayoyasema.

Hebu niwatoe njiani kidogo. Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa ndiye ninayepokea mifano, kijana mmoja wa Kariandusi aliniletea karatasi kumi na nne kuhusu "Maendeleo", zote nyeupe kwa vumbi la machimbo. Nilisoma mbili nikasinzia. Nikamuuliza mbona karatasi zinanichafua mikono. Akaanza kunieleza jinsi vumbi lile linavyoingia kwenye ugali, kwenye kitanda, kwenye nywele za bibi harusi, na jinsi mama yake anavyomjua kwa kikohozi kabla hajafika mlangoni. Nikamwambia, hayo mbona hukuyaandika? Akasema, "Mzee, hayo si maandishi, hayo ni nyumbani." Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia. Alikaa nasi miaka tisa.

Turudi Nakuru. Kiwanda cha kuchapia kilikuwa jengo la mabati nyuma ya maduka ya Wahindi, na upepo wa kipupwe siku hiyo ulikuwa umebeba vumbi lote la mji. Mhariri aliitwa Bwana Athumani. Alizaliwa Nakuru hapo hapo, lakini babake alikuwa mtu wa Lamu, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo. Alivaa kofia ya kushonwa kwa mkono, na miwani iliyoshikwa kwa uzi upande mmoja. Nikampa karatasi zangu kwa mikono miwili. Hakuzisoma. Alizipitisha kwa mpanga herufi, bwana mmoja mrefu aitwaye Odhiambo, akasema, "Dirishani."

Chini ya dirisha, nje, Mama Njeri aliuza uji. Kulikuwa na mabenchi mawili, na kila siku saa nne wapagazi, mafundi wa baiskeli na madereva wa malori walikaa pale na vibuyu. Odhiambo alisimama dirishani na kuwasomea kila kitu kilicholetwa, nao hawakuambiwa nani kaandika.

"Mwanangu," Bwana Athumani akaniambia, "gazeti letu halisomwi. Linasikilizwa. Nakala moja, watu thelathini. Sasa wewe usimtazame Odhiambo, wala usinitazame mimi. Tazama uji. Maandishi yakiwa mazuri, uji unapoa. Yakiwa mabaya, watanyonya hadi chini kisha wataomba sukari."

Odhiambo akaanza na "Alfajiri". Kabla hajafika mwisho wa aya ya kwanza nilisikia sauti ya kunyonya ambayo sitaisahau. Mabenchi mawili yote, kwa pamoja. Fundi mmoja wa baiskeli akasema, "Mama, leta sukari, hii jua yake imechelewa kutoka."

Akaingia "Faida za Usafi". Mpagazi mmoja akauliza kwa heshima kabisa, "Kwani huyu anauza sabuni?" Alipoambiwa hapana, akanyanyua kibuyu akamaliza.

Nilikuwa nimeshashika kofia yangu niondoke. Ndipo nikaona, pembeni mwa benchi la pili, koti la jeshi.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ile ilikuwa siku ya lori la pareto. Arap Koros alilisindikiza hadi bohari la Nakuru kila mara, na kumbe kila mara alikunywa uji kwa Mama Njeri. Na mfano wangu wa tatu, wajukuu zangu, haukuwa umebadilisha jina la mtu. Jina lake lilikuwa katika mstari wa kwanza. Nilijaribu kumwambia Odhiambo aache, lakini alikuwa na sauti ya kanisani na alikwisha anza.

Nilichoandika ni hiki. Kwamba dume lile liliingia kambini saa ya chakula, akina mama wakatawanyika, na nyapara Arap Koros, kwa woga, akapanda juu ya paa la nyumba ya nyasi. Kwamba nyasi zilikuwa zimeloa na zikamwasha magotini. Kwamba kule juu mkono wake uligusa yai la vuguvugu, la yule kuku ambaye kambi nzima ilikuwa ikimtafuta wiki nzima na kutuhumiana. Kwamba ukiwa juu ya paa unaona mambo ambayo chini hayaonekani, kama sufuria ya jirani ina nini. Na kwamba mimi, karani, nilibaki chini, nikamkabili mnyama kwa ushujaa mkubwa hadi akarudi zizini.

Vijana, uji ulisimama. Nilimwona fundi wa baiskeli ameshika kibuyu karibu na mdomo, hakinyweki wala hakishuki. Wapagazi walicheka hadi benchi moja likainama. Odhiambo alipomaliza, Mama Njeri akageuka na upawa mkononi.

"Koros? Si ndiye huyu wetu? Mzee, ni wewe ulipanda paa?"

Wote wakamgeukia. Yeye hakuwatazama. Alitazama dirishani, akaniona, mimi na kitambaa changu cha jino ambacho kilikuwa kimeteremka hadi shingoni. Tukatazamana.

"Ndiyo," Arap Koros akasema. "Ni mimi."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya mbwa wa duka la jirani abweke. Akangoja kiishe, akaongeza taratibu, bado ananitazama, "Na yai lenyewe nililikalia. Suruali ilifuliwa mara mbili, na harufu haikutoka."

Akamaliza uji wake, akamshukuru Mama Njeri, akaenda zake bohari.

Hapo lazima niseme ukweli, kwa sababu ndio niliokaa nao maisha yangu yote. Aliyepanda paa nilikuwa mimi. Suruali ilikuwa yangu. Sikuandika habari ya kulikalia yai kwa sababu hata katika uongo niliona haya. Alilijua kwa vile ni yeye aliyenishusha kwa ngazi, watu wengine wa kambi wakiwa bado wamejificha.

Bwana Athumani akafunga dirisha. Nilidhani ataniambia nianze kazi. Akavua miwani.

"Niambie, mwanangu. Lile yai lilikuwa la vuguvugu?"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe uliyekuwa chini, ukikabili kwa ushujaa mkubwa, ulijuaje?"

Akaendelea, bila ukali. "Mimi mnyama huyo wenu simjui, na Mungu aniepushe naye. Lakini paa nalijua. Habari yako yote iko juu ya paa. Nyasi, magoti, sufuria ya jirani. Chini umeweka sentensi moja, tena ya mbao. Ulipofika kwenye huo ushujaa wako, hukuona? Yule fundi wa baiskeli alikunywa funda moja."

Nilikuwa sijaona. Nilikuwa natazama koti.

"Nani alikuwa juu?"

"Mimi."

"Na huyo mzee?"

"Alikuwa chini."

"Na amekubali kuchekwa na watu wote hawa kwa ajili yako. Ala!" Akafikiri kidogo. Kisha akanipa penseli na karatasi iliyoharibika mtamboni, upande wa nyuma, akasema niandike tena habari ile ile, kila mtu mahali pake, kabla ya saa nane. "Na hiyo 'kwa ushujaa mkubwa' nisiione tena humu ndani."

Nilikaa kwenye bunda la magazeti ya zamani nikaandika. Ilinichoma, lakini ilitoka upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, kwa vile sikuwa na la kutafuta. Niliandika jinsi nilivyopanda bila kujua nimepandaje. Kisha nikaandika lile ambalo nilikuwa nimeliacha kwa wivu tu, jambo zuri kuliko yote siku ile.

Mnajua nguruwe hurudishwaje? Hasukumwi, mtavunjika miguu. Arap Koros alitembea polepole hadi kwenye banda la pareto, akachukua debe tupu, akarudi, akalivisha dume kichwani. Nguruwe akivishwa debe haendi mbele. Anarudi nyuma, akidhani atalitoka. Arap Koros akamshika mkia, akaanza kumwongoza kinyumenyume katikati ya kambi kama lori linaloingia bohari, huku akimpa amri: "Rudi, rudi... kata kushoto... rudi kidogo... hapo hapo, simama." Alimpitisha kati ya nyumba mbili bila kugusa ukuta. Zizini akamtoa debe, akalipangusa kwa mkono wa koti, akalirudisha bandani. Ndipo akaja kunitafutia ngazi.

Saa nane Odhiambo akafungua dirisha akasoma. Sikuthubutu kutazama uji. Nilisikia tu kwamba hapanyonywi. Odhiambo alipofika kwenye "kata kushoto", kikazuka kicheko, kisha ikaja harufu. Mama Njeri alikuwa ameacha kukoroga na chungu kizima kikaungua. Alinisema hadi jioni, na Bwana Athumani akasema hajawahi kuona mfano wa maandishi uliounguza chungu.

"Anza Jumatatu," akaniambia. "Lakini kwanza mwenye habari aisikie."

Nilikimbia hadi bohari. Lori lilikuwa limeshageuzwa, na Arap Koros yuko juu ya magunia matupu. Nikamsomea nikiwa nimesimama chini, nikipiga kelele kushinda injini, na vumbi linaniingia mdomoni kila nilipofungua. Alisikiliza yote. Nilipomaliza hakusema habari ya woga wangu wala ya debe.

"Hiyo ya paa ondoa," akasema.

"Mzee, ndiyo kweli yenyewe."

"Mimi nimesema mbele ya watu kwamba ni mimi. Sasa unataka Mama Njeri anione mwongo? Mimi nakunywa uji pale kila mwezi."

"Bwana Athumani atachapa hii, mzee. Amekataa ile nyingine."

Akakuna kidevu. "Basi achape. Na jino?"

Nilikuwa nimelisahau. Nikashika shavu, na nadhani nilishika lile lingine. Kwa mara ya kwanza nikamwona anakaribia kucheka.

"Nitamwambia bwana lilikuwa na mizizi mirefu," akasema. "Imebidi ubaki Nakuru." Akampigia dereva bodi ya lori, wakaondoka.

Habari ile ilichapwa ukurasa wa tatu, na majina yote mahali pake. Niliogopa sana kurudi Kuresoi, kwa vile nilijua kambi yote sasa inajua karani wao alikalia yai. Nikakaa Nakuru, kisha nikapelekwa kwingine, kisha miaka ikaenda kama inavyoenda mtu akiwa na gazeti la kutoa kila mwezi. Nilichukua mengi kwa Bwana Athumani. Kukata aya ya kwanza, kwa sababu aya ya kwanza mara nyingi ni mtu anakohoa kabla ya kusema. Kumtumia mhariri vitu vifupi. Kutopeleka kitu kilichopewa zawadi na mwalimu, maana mwalimu alikuwa analipwa kukisoma. Na zaidi ya yote, kuchagua maandishi ambayo ungeweza kuyasoma kwa sauti huku mtu uliyemwandika amekaa benchini anakutazama. Ukiona koo linakauka, hayo bado.

Nilirudi Kuresoi nikiwa na mvi, siku ya kumzika Arap Koros. Baada ya maziko tukakaa uani, tukapewa chai, na watu wakaanza kumkumbuka. Kila aliyesimama alisimulia lile lile, huku watu wakishika mbavu: siku mzee alipokimbia nguruwe akapanda juu ya paa akakalia yai. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baadaye waliijua kwa moyo. Tena walisema, karani mmoja hodari ndiye aliyemrudisha nguruwe kwa debe.

Nilisimama. Nikawaambia hapana, aliyekuwa juu ya paa ni mimi. Nikatoa mfukoni ile nakala ya *Jembe na Jiko*, imechakaa mikunjoni, nikawasomea. Walisikiliza kwa adabu ya matanga. Walikunywa chai yao hadi chini, na mzee mmoja akaomba sukari. "Asante, mzee," akasema, "ni vizuri kumsitiri marehemu. Lakini yeye mwenyewe alituambia."

Nikakaa. Sikuelewa. Gazeti lilifika shambani, na mtu lazima alilisoma.

Binti yake mkubwa akaja kunijazia kikombe, akakaa karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwezi ule, baada ya mimi kuondoka, yeye ndiye aliyesimama juu ya kreti, maana ndiye pekee aliyebaki anayejua kusoma. Babake alimfuata kabla ya ibada, akamwambia afungue ukurasa wa tatu, na kila atakapokuta jina la karani asome la nyapara, na la nyapara asome la karani.

"Nikamuuliza, Baba, kwa nini ujiaibishe? Akaniambia, 'Yule kijana ameanza kazi juzi, hajapata jina. Mimi jina ninalo, paa halitanipunguzia kitu.'"

Niliinamisha uso kwenye kikombe ili nipate pa kutazama. Chai ilikuwa imepoa, na imefanya utando juu.